Shajara ya mradi: bahari mbili kwenye ukuta wa maktaba

Kwa anayeingia leo: klabu ya historia ya shule yetu hapa Tanga inatengeneza ramani kubwa ya ukutani. Itaonyesha mimea, wanyama na maradhi yaliyovuka bahari hadi pwani hii, na yaliyotoka huku kwenda kwa wengine. Naandika kila hatua inapokamilika, hasa kwa ajili ya walimu wanaotaka kuiga, na kwa ajili ya mkuu wa shule anayeuliza rangi zimekwenda wapi.

Januari

Ukuta umepigwa msasa na kupakwa praima. Tumenunua plaiwudi tatu za futi 8 kwa 4: moja ya mimea, moja ya wanyama, moja ya maradhi. Mipaka ya mabara tumeichora kwa penseli tukifuata mwanga wa projekta. Fundi rangi, ambaye kazi yake ya kila siku ni mabango ya maduka, amepaka bahari kwa buluu nzito kuliko tuliyoomba, na imetoka vizuri kuliko tulivyotegemea. Njia za vyombo hatutazichora kwa brashi. Tutazitandaza kwa kamba nyembamba za mkonge zilizotiwa rangi, zikishikwa na misumari midogo, ili mtu aweze kuzifuata kwa kidole kutoka bandari hadi bandari.

Ubishi mkubwa umekuwa juu ya mwaka wa kuanzia. Wanafunzi wengi walitaka 1492, kwa kuwa ndivyo vitabu vinavyoanza: Columbus anavuka Atlantiki, dunia mbili zinakutana, mahindi yanasafiri. Sikukataa, ila niliwasomea alichokula Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331. Wali uliopikwa kwa samli, na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Maziwa mgando, na pembeni achari ya ndimu, pilipili za vichala zilizolowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kabla ya chakula alikaribishwa kwa tambuu na popoo. Alipofika Mombasa akaandika kwamba watu wa kule chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki.

Niliwaambia watafute kwenye mlo huo kitu kilichotoka Amerika. Hakuna. Pilipili zile ni za upande huu wa dunia, si hizi kali za kichaa. Kisha watafute kilichovuka Bahari ya Hindi, na hapo karibu sinia zima likahama: mchele, ndizi, maembe, tangawizi, tambuu, hata kuku. Miaka 161 kabla ya Columbus kuinua tanga, pwani hii ilikuwa inakula chakula cha ng'ambo na kukiita cha nyumbani. Ubishi ukaisha. Tunaanza na Bahari ya Hindi.

Februari

Kamba za kwanza zimepigwa misumari, na kwa makusudi zinatoka Afrika. Mtama, uwele, ulezi na kunde vilifika Bara Hindi takriban miaka 4,000 iliyopita, na leo huwezi kueleza kilimo cha nyanda kavu za Rajasthan au Gujarat bila nafaka hizo. Nilitaka mwanafunzi anayesimama mbele ya ramani aone kwanza kamba zinazoondoka kabla hajaona zinazoingia. Tumezoea mno kujichora kama watu wa kupokea.

Zinazoingia ni nyingi pia. Ndizi na mnazi kutoka Kusini Mashariki mwa Asia na visiwa vyake. Mpunga, choroko, pamba. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochekecha udongo wa vijiji vya zamani wakitafuta punje zilizoungua wamekuta jambo la kuvutia: katika karne ya 8 hadi ya 10, watu wa mwambao huu walikuwa bado wanategemea mtama, uwele na kunde, ilhali Komoro na Madagaska mchele tayari ulikuwa umeshika. Na Madagaska lugha yenyewe ni ya ukoo wa lugha za Borneo, kwa hiyo hapo hatuna haja ya kubahatisha nani aliuleta. Pemba ndiyo imenipendeza zaidi. Pale Tumbe, makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, punje nyingi ni za uwele. Pale Chwaka, kuanzia karne ya 11, mchele ndio umetawala. Kisiwa kimoja, na mabadiliko ya jikoni yanaonekana ardhini. Mwanafunzi wetu mwenye asili ya Pemba amejitwalia sehemu hiyo ya ramani na hataki mtu aiguse.

Mnazi nao una habari yake. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2011 ulionyesha kuwa minazi ya dunia ina koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki. Madagaska, Komoro na mwambao wetu koo hizo zimechanganyika. Kwa hiyo mnazi umepata kamba mbili.

Kisha tukafika kwa panya. Unguja Ukuu wamechimbua mifupa ya kuku na ya panya mweusi wa Asia, wote wageni waliokuja na vyombo katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kuku akaenda ubao wa wanyama bila maneno. Mwenzangu wa Baiolojia akauliza kuhusu panya: "Huyu mnamweka wapi, Mwalimu? Wanyama au maradhi?" Nikasema wanyama. Akasema viroboto wake je, na tauni? Na alichofuata melini si mchele ule mliouweka ubao wa kwanza?

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Kazi ya misumari imesimama.

Machi

Uamuzi: mbao tatu zimekuwa moja. Tumeziunganisha na fundi amepaka bahari upya, safari hii bila kuombwa buluu yoyote. Anayetaka kujua gharama anajua ofisi yangu iliko.

Kilichonishawishi ni safari ya pili ya Columbus, ya 1493. Alikwenda na merikebu 17, na ndani mlikuwa na farasi, nguruwe, ng'ombe, kondoo, kuku, mbegu za ngano na vipande vya miwa vilivyochukuliwa Visiwa vya Canary. Farasi walikuwa wanarudi katika bara ambako ukoo wao ulizaliwa na kisha kutoweka yapata miaka 10,000 nyuma. Pamoja na mifugo hiyo walikuwapo watu, na katika miili ya watu na ya wanyama wao yalikuwamo magonjwa. Ukiiweka miwa kwenye ubao wa mimea na ndui kwenye ubao wa maradhi, unamfanya mtoto aamini kuwa yalikuwa mambo mawili. Ndui iliwaka Hispaniola, kisiwa cha Karibi, mwishoni mwa 1518, ikaua wengi wa Wataino, wenyeji wa hapo, waliokuwa wamebaki baada ya kazi za shuruti. Mwaka 1520 ilikuwa Mexico, na mtawala wa Waazteki, Cuitláhuac, aliyewafukuza Wahispania mjini Tenochtitlan alikufa kwayo mwaka huohuo. Miwa ilihitaji mikono, mikono ya wenyeji ilikuwa imezikwa, na merikebu zikaanza kuleta Waafrika. Pamoja nao wakaja mbu wa homa ya manjano, wakizaliana kwenye mapipa ya maji ya kunywa. Barbados iliugua 1647. Mwaka 1802 homa hiyohiyo iliteketeza jeshi ambalo Napoleon alilituma kurudisha utumwa Haiti, na jenerali wake Leclerc akafa nayo.

Waafrika hao walivuka na zaidi ya maumivu. Mpunga wa Afrika Magharibi, kunde, bamia, ufuta: kamba zote hizo zinapita katikati ya Atlantiki, na tumezitia rangi ileile ya njia ya utumwa, kwa sababu ndiyo njia yenyewe.

Kamba sasa zina rangi kwa zama na njia, si kwa aina ya mzigo. Kijani ni Bahari ya Hindi ya kale. Nyekundu ni Atlantiki baada ya 1492. Njano ni karne ya 19, tutakapofika.

Aprili

Masika. Misumari inashika kutu na gundi haikauki. Hatukupanga kufanya lolote mwezi huu zaidi ya kubandika mbegu halisi kwenye vifuniko vya chupa vilivyozibwa kwa plastiki, kifuniko kimoja kando ya kila mmea.

Tuliporudi kutoka likizo fupi, kifuniko cha mahindi kilikuwa na unga mtupu na vidudu vyeusi vinatambaa juu yake. Mlinzi wa shule, ambaye ana ghala lake Muheza, alimtazama mdudu mara moja tu. "Huyo Scania. Dumuzi huyo." Akaondoka zake.

Dumuzi, ambaye wakulima humwita pia Scania, kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, kulekule mahindi yalikotoka. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, karne kadhaa baada ya mahindi kufika kwetu na Wareno. Kwa muda wote huo mahindi ya Afrika yalikuwa yameponyoka adui yake mkubwa, na adui alipowasili hakuja na anayemla yeye. Ndiyo maana alichinja maghala namna ile. Katika miaka ya 1990 watafiti walimleta kutoka Amerika ya Kati mdudu mdogo anayemfuata dumuzi, wakamwachia Togo na Kenya.

Dumuzi amepata kamba yake, na kifuniko chake tumekiacha ukutani na unga uleule ndani. Ila amenifanya nione kitu tulichokuwa hatukichori. Ramani yetu ilikuwa ya vilivyopanda chomboni. Vilivyobaki gatini havikuwamo, na ndivyo vinavyoeleza nusu ya yaliyotokea baadaye. Kuanzia sasa, pale ambapo kitu muhimu kiliachwa nyuma, tunapiga fundo jeusi kwenye mwanzo wa kamba.

Fundo la kwanza ni la mahindi yenyewe. Akina mama wa Mexico huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo hufungua vitamini iliyofungika ndani ya punje. Merikebu zilichukua punje, jiko likabaki. Maskini wa Ulaya waliokula mahindi peke yake asubuhi na jioni wakapata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inapotea. Daktari Gaspar Casal aliieleza kule Asturias, Hispania, mwaka 1735, na kaskazini mwa Italia ikaja kuwa janga. Anayekula ugali kwa maharage au kwa dagaa haimpati, na hapa petu mboga haikosi. Labda tuseme haikuwa inakosa.

Mei

Mwezi mzima umekwenda kwa muhogo na sijutii.

Muhogo ulitoka Brazil. Wareno waliufikisha mdomo wa mto Kongo katika karne ya 16. Upande wetu ulitokea pia baharini: Mahé de La Bourdonnais, gavana wa visiwa vya Mauritius na Réunion kuanzia 1735, aliuingiza visiwani kutoka Brazil ili kulisha watumwa na mabaharia. Kwa hiyo ubavuni mwa Afrika una kamba mbili, moja magharibi na moja mashariki, na kati yake kuna misafara ya nchi kavu tusiyoweza kuitandaza yote.

Fundo lake jeusi ni kubwa. Muhogo mchungu una sumu, na wenyeji wa Amazon walikuwa na utaratibu mrefu wa kuukuna, kuukamua na kuukausha. Huku watu walijitafutia njia zao, na nyingi ni nzuri: kuloweka siku kadhaa, kuvundika, kuanika makopa, udaga wa kanda ya ziwa. Bibi anayetengeneza bada hapa Tanga hahitaji kuambiwa na mwanakemia kwa nini muhogo mchungu haukaangwi. Tatizo huja njaa inapofupisha kazi. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame, watu walikula muhogo ambao haukukaushwa vya kutosha, na mamia kwa mamia wakapooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo ni konzo, na mguu haurudi.

Kisha batobato, ugonjwa wa virusi unaoharibu majani ya muhogo. Mwenzangu wa Baiolojia alitarajia, kama mimi, kwamba virusi vilikuja na mmea. Havikuja. Amerika ya Kusini batobato hii haipo. Virusi ni vya Afrika, vilikuwa vikiishi kwenye mimea ya huku, na nzi weupe wakavihamishia kwa mgeni asiye na kinga. Ni Wataino na ndui, ila hapa anayeugua ni mgeni na mwenye ugonjwa ni mwenyeji. Kamba ya ugonjwa huu haivuki bahari hata kidogo, kwa hiyo tumeizungusha papo hapo ufukweni kama kitanzi.

Na hapa mradi umerudi nyumbani. Taarifa ya kwanza ya batobato duniani iliandikwa na Mjerumani Warburg mwaka 1894, kutoka koloni hili lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ugonjwa mwingine wa muhogo, michirizi ya kahawia, ulielezwa mara ya kwanza na mtafiti Storey mwaka 1936, naye alikuwa Amani, juu ya milima ya Usambara, tunayoiona siku mawingu yakifunguka. Storey alitafuta dawa kwa kuuzalisha muhogo na ndugu yake, mti wa mpira wa Ceará, Mbrazil mwingine ambao Wajerumani waliupanda huku kwa ajili ya utomvu. Vizalia vya Amani vilisafiri hadi Nigeria, na ndivyo vikawa msingi wa mihogo stahimilivu iliyosambazwa baadaye Afrika nzima. Wanafunzi wamechukua kamba ya rangi isiyo kwenye orodha yetu, wakaivuta kutoka Amani, Muheza, hadi Ibadan, Nigeria. Nimewaachia.

Kuna na wale wadudu wenye unga mweupe walioonekana Kongo 1973, wakakausha mashamba ya muhogo kutoka Senegal hadi huku. Nao walitoka Amerika ya Kusini bila adui yao. Nyigu mdogo anayewaua alipatikana Paraguay 1981, na Hans Herren na wenzake wa Ibadan walimzalisha na kumwachia nchi baada ya nchi, mara nyingine kwa ndege. Safari hiyo kilichoachwa gatini kilifuatwa.

Juni

Kazi nyepesi kidogo. Karafuu: kutoka Visiwa vya Maluku, ikaibiwa na Pierre Poivre hadi Mauritius mwaka 1770, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kahawa: Ethiopia, Yemen, kisiwa cha Bourbon ambacho sasa ni Réunion, halafu Bagamoyo na wamisionari wa Roho Mtakatifu, halafu Kilimanjaro. Imezunguka bahari yote ili ipande mlima ulio kusini tu mwa kwao. Nanasi, papai, mapera, korosho, karanga, nyanya, tumbaku, pilipili kichaa: zote nyekundu, zote zimepigwa misumari mchana mmoja. Bata mzinga ameshangiliwa.

Vanila imetuchelewesha kwa sababu ya fundo. Mmea ni wa Mexico, na kwao maua huchavushwa na nyuki wadogo wasiouma. Ulipopelekwa Réunion ulichanua na haukuzaa, kwa kuwa nyuki hawakuja. Mwaka 1841 mtumwa mwenye umri wa miaka 12, Edmond Albius, akagundua namna ya kuinua kiwambo kilichomo ndani ya ua kwa kijiti na kuligusisha kwa kidole gumba. Vanila yote ya Madagaska inachavushwa hivyo mpaka leo, ua moja moja. Albius alikufa maskini. Jina lake tumeliandika kubwa kuliko la Columbus, na mgeni mmoja tayari ameuliza kama tulikosea vipimo.

Mkonge wenyewe, kamba zetu: Yucatán hadi Florida, Florida hadi Hamburg, Hamburg hadi Tanga, 1893. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, ikafika hai 62. Mashamba ya kwanza ya mkonge ya huku yalitokana na hiyo 62.

Julai

Kamba za njano, yaani karne ya 19, na hapa mizigo ni michungu.

Kipindupindu kilitoka delta ya Ganges na kuipiga Unguja mara kwa mara: 1821, 1836, 1858, 1869. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alilifuatilia lile wimbi la 1869 na kuliandikia kitabu kilichotoka 1876. Kila mtu angetazamia lije na jahazi kutoka Bombay au Maskati. Yeye alionyesha kuwa lilizunguka nyuma: Bahari ya Shamu, nyanda za kaskazini, nchi ya Wamasai, likashuka na misafara ya pembe hadi Pangani, na kutoka Pangani likavuka kwenda kisiwani. Wanafunzi wanaotoka Pangani wamelipokea jambo hili kwa fahari ambayo sijui niielezeje.

Funza ndiye aliyetembea kuliko wote. Alivuka Atlantiki kwenye mchanga wa uzito wa meli iliyotoka Brazil na kutia nanga Ambriz, Angola, 1872. Hapo akakanyagwa na miguu mitupu ya wapagazi na askari, akafuata mto Kongo, akapita maziwa makuu, na kabla ya karne kwisha alikuwa mwambao huu. Kamba yake ndiyo pekee inayokata bara kutoka bahari hadi bahari. Vijiji vilivyokuwa havijaona mdudu huyo vilikuwa havina pia ujuzi wa kumtoa kwa sindano mapema, watu wakapoteza vidole. Fundo jeusi.

Sotoka, tauni ya ng'ombe, aliingia Massawa 1887 na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Kufikia 1891 alikuwa amemaliza mifugo ya Wamasai, 1896 alivuka Zambezi. Sehemu nyingi walikufa tisa kati ya kumi. Ng'ombe walipokwisha, nyasi zikawa vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na nchi iliyokuwa malisho ikaja kuitwa pori na watu waliofika baadaye. Chanjo iliyommaliza ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa sotoka hayupo tena. Baada ya ndui, ndiye wa pili kufutwa. Kamba hizo mbili, ya ndui na ya sotoka, tumezikata kwa mkasi mwishoni ili zining'inie.

Yaliyobaki: vibandiko vya majina vya upande wa Pasifiki, ambako kiazi kitamu kilitoka Amerika ya Kusini na kuwafikia Wapolinesia kabla ya Columbus, jambo linalostahili nafasi kubwa kuliko pembe tuliyoiachia. Varnishi, kabla mvua za vuli hazijaanza. Kifuniko kipya cha kunde, kwa sababu bungua wameingia. Na mwanafunzi wa kidato cha pili ameomba tuongeze twiga wa Malindi aliyepelekwa China 1415. Nimemwambia twiga yule hakuacha kizazi wala ugonjwa. Amesema ni mnyama na alivuka bahari, kwa hiyo Jumatatu tunampigia msumari.